Yowe Lipitalo Angani: Ujumbe wa Setilaiti Mahali Pasipofikiwa na Mnara

Katika vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi yetu, mtu afikwapo na hatari usiku hupiga yowe. Jirani alisikiaye hakurupuki tu akakimbia. Kwanza naye hupiga yowe, ili wa ng'ambo ya bonde asikie, kisha ndipo ashike njia. Kwa namna hiyo habari huvuka kilima baada ya kilima kwa kasi ambayo mkimbiaji hawezi kuifikia. Tukilitazama yowe kwa jicho la mwanasayansi, tutaona lina sehemu nne: mpelekaji, wimbi la sauti lichukualo habari, wapokezanaji wa njiani, na mwisho mtu ambaye akisikia hana budi kuja. Msomaji na aikumbuke sehemu hiyo ya nne, maana makala haya yatairudia.

Siku hizi simu ya mkononi imechukua sehemu kubwa ya kazi ya yowe. Serikali, kwa kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, imekuwa ikiyachangia makampuni ya simu gharama za kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake isingewafikisha. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 kwa mara moja. Hata hivyo mnara hujengwa penye watu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina eneo la kilomita za mraba 14,763, na ndani yake hamna vijiji. Aidha, mawimbi ya simu hayapindi kona kwa urahisi. Ukuta wa miamba wa Isuria, uvukao mpaka kutoka Kenya na kuingia Tarime, waweza kumweka mchungaji aliye chini yake gizani kabisa kwa upande wa simu, ilhali mnara uko kilomita chache tu nyuma ya mgongo wa mlima. Hapo hata namba 112 ya polisi, au 114 ya zimamoto na uokoaji, haina msaada, kwa sababu namba za dharura nazo huhitaji mnara.

Wako wengi wapitao sehemu za namna hiyo: askari wa wanyamapori, wachungaji, watafiti, madereva wa watalii, na si haba walimu na wanafunzi walio katika ziara za masomo. Kwa ajili yao swali lajitokeza lenyewe. Je, mnara hauwezi kuinuliwa juu zaidi, hata mlima wowote usiufiche?

Mnara wa juu kupita kiasi

Jibu ni setilaiti, na Afrika Mashariki si mgeni katika elimu hiyo. Mwaka 1960 kilijengwa kisiwani Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury wa Marekani. Mwaka 1970 Kenya ilifungua kituo cha mawasiliano ya setilaiti huko Longonot, na tarehe 12 Desemba mwaka huo huo, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksi kutoka nyotani. Ilipewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Setilaiti iliyozoeleka zaidi machoni petu ni ile tusiyoiona ila kwa dishi lake. Apitaye mjini Mugumu atazame madishi ya televisheni yaliyo juu ya mabati. Baadhi yake yamelala kama sahani ya chakula, yakiangalia juu karibu wima kabisa. Sababu yake ni nzuri kwa somo la jiografia. Setilaiti zile hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na huizunguka dunia kwa muda ule ule dunia ijizungushao yenyewe. Kwa hiyo kwetu huonekana kama zimesimama. Mojawapo iko kwenye nyuzi 36 za longitudo ya mashariki. Mji wa Tarime uko karibu nyuzi 34.4 mashariki na nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Hivyo setilaiti hiyo iko karibu juu ya utosi wa mtu wa Mara.

Kama iko juu ya utosi wetu, mbona haitupokelei ujumbe kutoka chombo kidogo cha mkononi? Tatizo ni umbali. Nguvu ya wimbi la redio hupungua kwa mraba wa umbali: ukiuzidisha umbali mara mbili, nguvu huwa robo, ukiuzidisha mara tatu, huwa sehemu moja ya tisa. Tulinganishe setilaiti hiyo na nyingine iliyo kilomita 780 tu kutoka ardhini. Tukigawanya 35,786 kwa 780 twapata karibu 46, na mraba wa 46 unazidi 2,100. Yaani sauti ile ile ya chombo cha mkononi hufika juu ikiwa dhaifu zaidi ya mara elfu mbili. Zipo simu za mkononi zitumiazo setilaiti za juu, lakini hizo hutegemea setilaiti zenye sikio kubwa ajabu. Antena ya setilaiti za Thuraya ina upana wa zaidi ya meta 12.

Njia ya pili ni kuishusha setilaiti. Mfano ujulikanao sana ni mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 zipitazo karibu juu ya ncha za dunia kwa kimo hicho cha kilomita 780. Ulianza kazi ya biashara mwezi Novemba 1998, ukafilisika mwaka uliofuata, ukafufuliwa mwaka 2001, na setilaiti zake zote zikabadilishwa kwa mpya kati ya mwaka 2017 na 2019. Setilaiti iliyo chini hivyo haiwezi kusimama; ikisimama itaanguka. Hukimbia karibu kilomita 7.5 kila sekunde, na kuizunguka dunia nzima kwa dakika 100 hivi. Mtu aliyesimama Robanda huwa nayo kwa dakika zipatazo tisa tu kabla haijazama upeoni, na hapo nyingine sharti iwe imechomoza.

Hapa kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawaambiwi, nalo latuhusu sisi wa ikweta kuliko wengine. Setilaiti hizo zimepangwa katika njia sita, kumi na moja katika kila njia, na njia zote hukutana karibu na ncha za dunia kama vipande vya chungwa vikutanavyo kwenye kikonyo. Kwa sababu hiyo mtu wa Norway ya kaskazini huwa na setilaiti kadhaa juu yake wakati mmoja. Kwenye ikweta njia hizo zimeachana sana: kati ya njia moja na jirani yake ni karibu nyuzi 31.6, yaani kilomita zipatazo 3,500. Mara nyingi mtu wa Mara ana setilaiti moja tu, au mbili zilizoinama upeoni. Ikiwa hiyo moja imefichwa na mlima, na ya pili imefichwa na mti, ujumbe hauendi, na mwenye chombo hana budi kungoja. Akae akijua kwamba dakika kumi za kungoja si dalili ya chombo kibovu. Chini ya ukuta wa Isuria, ambako nusu ya anga imekwisha chukuliwa na mwamba, kutembea meta mia mbili hadi mahali pa wazi kwaweza kuwa na faida kuliko betri mpya. Ndani ya gari la bati chombo hakioni kitu, maana bati huzuia mawimbi. Antena itolewe nje na itazame juu.

Mvua, kinyume cha wengi wanavyodhani, haina madhara makubwa hapa. Wenye televisheni za dishi wamezoea picha kukatika mvua kubwa inyeshapo, kwa kuwa mawimbi yale yana urefu wa sentimeta mbili na nusu hivi, na matone huyameza na kuyatawanya. Chombo cha ujumbe tunachokizungumza hutumia marudio ya karibu megahezi 1,620, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimeta 18 na nusu. Wimbi hilo hupita kati ya matone bila kupungukiwa sana.

Kupokezana

Setilaiti ikishaupokea ujumbe, yaufanyia nini? Ziko aina mbili. Za kwanza ni kama kioo: hulirudisha wimbi chini palepale, na mahali fulani ndani ya eneo lile inaloliona sharti kuwe na kituo cha ardhini cha kulipokea. Pasipokuwa na kituo, ujumbe hupotea, hata kama setilaiti iko juu kabisa ya kichwa cha mtumaji. Anunuaye chombo cha aina hii na asiulize tu kama setilaiti hupita juu ya Serengeti, maana zote hupita. Aulize kituo cha ardhini kiko wapi, na aonyeshwe ramani.

Za aina ya pili hufanya kama majirani wa yowe. Setilaiti za Iridium hupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe angani, hadi ile iliyo juu ya kituo iushushe. Kituo chao kikuu cha kibiashara kiko Tempe, katika jimbo la Arizona, Marekani. Kwa hiyo maneno aliyoyaandika mtu aliye kando ya Mto Grumeti, akimwandikia nduguye aliye Mugumu, husafiri kwanza hadi Arizona, umbali wa kilomita zipatazo 15,000, ndipo yarejee. Mwanafunzi agawanye mwenyewe kwa kasi ya nuru aone: safari hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kazi ya kumpata dereva Mugumu yaweza kuchukua saa mbili.

Herufi 160

Ujumbe wenyewe ni mfupi. Vyombo vingi vya aina hii huruhusu herufi 160 kwa mara moja, nafasi na nukta zikihesabiwa, na sababu yake ni hiyo hiyo ya udhaifu wa wimbi: kadiri maneno yazidivyo, ndivyo betri itumikavyo na ndivyo setilaiti ihitajivyo kuonekana kwa muda mrefu. Kiswahili kina bahati hapa. Neno moja kama "tumekwama" hubeba mtenda, wakati na tendo kwa herufi tisa.

Tuseme mwanafunzi ameumwa na kifutu katika ziara ya masomo upande wa Ikoma. Mwalimu aweza kuandika hivi: "DHARURA. Nyoka amemuuma mtoto wa miaka 15 mguuni saa 9.20 mchana. Anapumua. Tuko 6. Hatusogei. Leteni gari na mganga kwa njia ya Robanda." Hizo ni herufi 137. Mahali walipo hapakutajwa kwa kuwa chombo chenyewe huongeza latitudo na longitudo. Mwalimu wa jiografia atapenda kuwaonyesha wanafunzi kwamba nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111. Basi tarakimu mbili baada ya nukta hutaja mahali kwa usahihi wa kilomita moja hivi, na tarakimu nne kwa usahihi wa meta kumi na moja. Wakati wa kungoja, mgonjwa atulizwe, mguu usitikiswe, jeraha lisichanjwe wala kunyonywa, na mguu usifungwe kamba ya kuzuia damu.

Lakini ujumbe huo una kasoro moja kubwa, nami nimeiacha makusudi. Kama utakwenda kwa ndugu aliye Mugumu, saa 9.20 mchana ataielewa. Kama aliyebonyeza ni kitufe cha kuomba uokoaji, ujumbe hauendi kwa ndugu. Huenda kwenye kituo cha kupokea dharura, na kimojawapo kati ya vinavyojulikana zaidi kiko Montgomery, katika jimbo la Texas. Mpokeaji aliye huko, ambaye kazi yake aijua vizuri, hawezi kulaumiwa akidhani saa tisa ni saa tatu yetu. Tofauti ni saa sita, na kwa aliyeumwa na nyoka saa sita ni nyingi mno. Kwa mgeni iandikwe 15.20, na lugha iwe aijuayo mgeni huyo. Kwa nyumbani iandikwe kama tusemavyo nyumbani.

Baada ya kuusoma ujumbe, mtu huyo wa Texas atafanya nini? Hana gari Mugumu. Atainua simu ampigie mtu aliye Tanzania. Namba atakayopiga kwanza ni ile aliyoiandika mwenye chombo siku ya kukisajili. Ikiwa aliandika namba ya rafiki aliyehamia Mwanza, au namba iliyokwisha badilishwa, basi yowe limevuka bahari na kurudi, likakuta mlango umefungwa. Kwa maoni yangu fomu hiyo ya usajili ina uzito sawa na chombo chenyewe, ingawa watu huijaza kwa haraka dukani. Ziandikwe namba za watu wawili au watatu walio karibu: mkuu wa shule, ofisi ya hifadhi au pori la akiba liingiwalo, na hospitali. Nao waambiwe mapema ya kwamba wataweza kupigiwa na mgeni usiku.

Tembo apigaye yowe

Katika eneo hili hili yuko mtumaji mwingine wa ujumbe wa setilaiti, asiyejua kusoma. Zamani mtafiti wa Serengeti aliyemvisha mnyama kola ya redio alipanda juu ya mwamba, au aliruka kwa ndege ndogo, akiwa na antena mkononi, akisikiliza mlio hafifu wa kola ili ajue mnyama yuko upande gani. Siku hizi kola hujua mahali ilipo kwa setilaiti, na hupeleka habari hiyo kwa setilaiti. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) na wenzi wake wamewavisha kola tembo wa Serengeti ya magharibi, kwa kuwa huko ndiko tembo watokapo usiku kuingia katika mahindi na mtama wa wanavijiji. Huko Laikipia, Kenya, katika miaka ya 2000, tembo dume aitwaye Kimani alivishwa kola yenye kadi ya simu. Kila alipovuka mpaka uliochorwa katika kompyuta tu, askari walipata ujumbe, wakaja kumrudisha kabla hajafika shambani.

Tuifanyie hesabu kola hiyo. Tembo atembeaye bila haraka huenda kilomita tano kwa saa. Ikiwa kola hutuma habari kila baada ya saa moja, tembo aweza kuwa kilomita tano ndani ya mashamba kabla askari hawajajua kwamba amevuka. Kwa nini basi isitume kila dakika? Kwa sababu ya betri. Kola itumayo mara sitini zaidi huimaliza betri yake mapema sana, na kumbadilishia tembo kola ni kazi ya daktari wa mifugo, bunduki ya dawa ya usingizi, magari na pengine helikopta. Watafiti hupatanisha mambo hayo mawili. Kisha hubaki hatua ya mwisho: kutoka kompyuta ya ofisini hadi kwa mkulima aliyelala karibu na mahindi yake. Hatua hiyo bado hufanywa kwa simu ya kawaida, kwa tochi, na kwa yowe.

Chombo kisichojibu

Kuna chombo cha tatu, kilicho rahisi kuliko vyote. Mwaka 1979 Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovyeti zilipatana kujenga mfumo wa pamoja wa kusikiliza vilio vya ndege na meli, ambao huitwa Cospas-Sarsat. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1982, na mwezi Septemba mwaka huo watu watatu wa ndege iliyoanguka katika milima ya Kanada waliokolewa kwa ajili yake. Chombo chake hutuma kwa marudio ya megahezi 406. Hakina ada ya mwezi; hakijibu wala hakielezi kilichotokea; husema tu mimi ni fulani, nami nimo hatarini. Mahali kilipo, setilaiti za mwanzo zilipatambua kwa njia ambayo kila mwanafunzi ameisikia kwa masikio yake. Honi ya basi lijalo kwa kasi husikika nyembamba, nalo lipitapo huwa nene. Setilaiti nayo husikia marudio yakishuka ipitapo, na jinsi yashukavyo humwonyesha mhesabuji kilipo chombo.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Bernhard, alianguka na ndege yake iliyopakwa rangi za punda milia baada ya kugongana na tai, akafariki. Sidai kwamba chombo kama hicho kingalimwokoa. Ila wakati ule hapakuwa na setilaiti hata moja ya kusikia, na ndege ndogo zitumiazo kiwanja cha Kogatende siku hizi hupita chini ya nyingi.

Shule, zahanati au serikali ya kijiji itakayo kununua chombo chochote cha aina hizi yafaa ijue mambo mawili. Chombo kitumacho redio, hata kikiwa kidogo kama kiganja, sharti kiwe kimekubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ni vema kuuliza kabla ya kulipa. Pili, vyombo vya ujumbe vina ada, aghalabu hutozwa kwa fedha za kigeni, na ada ikikatika chombo hukaa kimya ingawa taa yake huwaka. Chombo kimoja cha kuazimana, chenye mtu mmoja aliyekabidhiwa betri na ada, ni bora kuliko vitatu visivyo na mwenyewe.

Mwalimu asiye na chombo hata kimoja aweza kulifundisha jambo hili kwa karatasi. Aligawe darasa makundi matatu. La kwanza liende nje ya uwanja wa shule, lipewe karatasi yenye vyumba 160 na ajali ya kubuni, liandike herufi moja katika kila chumba. La pili lipeleke karatasi bila kuongeza neno. La tatu likae chumba cha walimu, lisijue lolote ila lililoandikwa, na lijibu kwa majina: nani ataarifiwa, gari lipi litakwenda, ufunguo anao nani, mafuta yapo kiasi gani, na njia ipi itapitwa. Mwalimu aandike dakika za kila hatua ubaoni. Kisha zoezi lirudiwe siku nyingine, wakati mkuu wa shule hayupo na mvua imenyesha.